Anayesoma Mwandiko wa Daktari

Chumba chenyewe ni kidogo, kiko nyuma ya dirisha la dawa, na mlangoni pamebandikwa karatasi: Bima. Ndani mna kompyuta mbili, feni moja na mafaili yaliyopangwa mpaka usawa wa kiuno. Mama anayekaa humo havai koti jeupe wala hamgusi mgonjwa. Kazi yake ni kuchukua alichoandika daktari, kukigeuza kuwa herufi na tarakimu, kisha kuandaa madai yanayopelekwa kwenye mfuko wa bima. Akikosea, hospitali hailipwi.

Wenyewe tarakimu hizo huziita "kodi". Mara ya kwanza nilidhani wanazungumzia mambo ya mapato. Hapa nitaziita misimbo.

Nilikaa naye siku nzima, majina ya wagonjwa yakiwa yamefunikwa kwa kipande cha boksi. Pembeni yake alikuwapo kijana wa mafunzo kwa vitendo, wiki yake ya pili kazini.

Faili la kwanza lilikuwa la mtoto aliyeanguka kutoka kwenye mwembe, akavunjika mfupa karibu na kifundo cha mkono. Kijana akafungua kitabu akaanza kutafuta mkono. Mama akamzuia.

"Usitafute kiungo, mwanangu. Tafuta kilichompata."

Kitabu ndivyo kilivyopangwa. Uainishaji wa Kimataifa wa Magonjwa, toleo la kumi, ulipitishwa na nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani mwaka 1990, nao una juzuu tatu. Ya tatu ni faharasa: humo unaanza na mvunjiko, ndipo unashuka hadi kwenye mfupa wenyewe. Ila faharasa inakuonyesha mlango tu. Msimbo ukishaupata, unarudi juzuu ya kwanza kuuhakiki, maana huko ndiko kumeandikwa kinachoingia chini yake na kisichoingia. Asiye na subira huishia kwenye faharasa. Mama huyu, pamoja na miaka yake yote kazini, bado anarudi juzuu ya kwanza.

Wakaandika S52.5, kisha W14. Wa kwanza unataja mvunjiko, wa pili unataja kuanguka kutoka mtini. Sikutegemea kwamba katika tarakimu kavu namna ile mti ungepata nafasi yake.

Kisha likaja faili la mgonjwa wa selimundu. D57.1 ni selimundu isiyo na shambulio, D57.0 ni yenye shambulio. Tarakimu moja baada ya nukta ndiyo inayotenganisha aliyekuja kliniki kwa miguu yake na aliyeletwa usiku akilia kwa maumivu ya mifupa. Malaria nayo ni hivyo hivyo. B50 ni ya vimelea vya falciparum, B54 ni malaria ambayo kimelea chake hakikutajwa. Kabla ya kuandika B50, mama anafunua ukurasa wa maabara kwanza.

Nikauliza kwa nini ajisumbue, wakati dawa mgonjwa ameshapewa. Akanijibu kwamba msimbo haumlipi mtu tu, unamhesabu pia. Alikuwa sahihi kuliko nilivyojua. Orodha hizi zilianza kwa kuhesabu vifo: mwaka 1893 mtakwimu Mfaransa, Jacques Bertillon, aliwasilisha ya kwake mkutanoni Chicago, na vitabu vya leo ni wajukuu wa orodha ile. Kwa hiyo msimbo wa uongo huharibu mahesabu mawili kwa mpigo, ya fedha na ya magonjwa ya nchi.

Somo kubwa la siku lilikuja karibu na adhuhuri. Mwanamke wa miaka ishirini na sita ameandikiwa metformini, na mahali pa ugonjwa hapana kitu. Kijana akatabasamu, akaanza kuandika E11.

"Kisukari, mama. Metformini si ya kisukari?"

"Daktari ameandika kisukari?"

"Hajaandika. Lakini inajulikana."

"Kisichoandikwa hakikufanyika. Nenda kamuulize."

Alirudi baada ya nusu saa, faili mkononi na uso umebadilika. Daktari alikuwa ameongeza mstari mmoja: ovari zenye vifuko vingi vya maji. Ugonjwa huo pia hutibiwa kwa metformini, na msimbo wake ni E28.2. Mama hakumsimanga. Alivuta kiti karibu, wakafungua juzuu ya tatu pamoja, wakaanza upya. Msichana yule angetoka hospitalini na kisukari cha karatasi, na kumbukumbu ya namna hiyo humfuata mtu miaka mingi.

Ustadi wa kazi hii niliuona hapo. Watu hudhani ni kukariri misimbo, na kompyuta siku hizi inaikumbuka kutuzidi. Kilicho kigumu ni kujizuia: kutomwongezea mgonjwa ugonjwa ili dai linenepe, kutompunguzia ili kazi iishe mapema, na kutojaza pengo kwa akili yako hata pale unapoamini unajua.

Kazi yenyewe inaongezeka. Tanzania ilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, na kila kadi mpya italeta faili lake mezani. Kijana anayetaka kuanza na ajifunze majina ya viungo, dawa, vifupisho vya madaktari na orodha ya bei. Hayo yanafundishika. Azoee pia kunyanyuka kitini kwenda kuuliza; kuuliza si ujinga.

Saa tisa na nusu mama alifunga kazi. Mafaili thelathini na saba yalikuwa tayari kutumwa. Matatu aliyafunga kamba peke yake, yarudi kwa madaktari kesho asubuhi. Thelathini na saba yale hata mwenye haraka angeyamaliza. Ufundi wake uko kwenye yale matatu.