Shajara ya Mpasuaji wa Parklands

Kila faili la mgonjwa lina mpangilio wake: amekuja akilalamikia nini, kulianza lini, zamani aliwahi kuugua nini, ukimgusa unakuta nini, vipimo vinasema nini, alipasuliwa vipi, aliendeleaje. Dkt. Yusuf Dawood alijaza mafaili ya namna hiyo katika Hospitali ya Aga Khan, Parklands, Nairobi. Kuanzia 1980 mpangilio huohuo akawa anaushusha mjini, kwenye gazeti la Sunday Nation, katika safu yake Surgeon's Diary. Jumapili nenda Jumapili rudi, kwa miongo kadhaa.

Ni kawaida kumsifu mtu kama huyu kwa kusema alikuwa na fani mbili, kisu na kalamu. Mimi naiona moja, na naiona mahali ambapo sifa hazifiki sana: katika kumhoji mgonjwa. Maumivu ya kidole tumbo mara nyingi huanzia karibu na kitovu, kisha baada ya saa kadhaa yakashukia upande wa kulia, chini. Mgonjwa akikatizwa anapoeleza, daktari husikia tu pale panapouma sasa. Ile safari ya maumivu, ambayo ndiyo yenye jibu, inampita. Kisu kinakuja baadaye sana.

Dawood kwenye safu yake humwacha mgonjwa amalize. Kabla hujajua uvimbe uko wapi umeshajua mwenye uvimbe anafanya kazi gani, amesindikizwa na nani, na kati yao nani anaogopa zaidi. Anapenda mazungumzo: swali fupi, jibu refu, swali jingine fupi. Maneno ya kitabibu anayaleta moja moja, tena mgonjwa ndiye anayeuliza maana yake, kwa hiyo msomaji anafundishwa bila kuhisi yuko darasani. Jaribu kuandika hivyo, uone jinsi kalamu inavyokuponyoka ukataka kujionyesha unajua.

Halafu kuna siri. Faili ni mali ya hospitali na mgonjwa. Shajara inasomwa na nchi nzima. Na Parklands na Westlands za miaka ile zilikuwa na familia zinazojuana kwa misikiti, mahekalu, shule na harusi. Ukibadilisha jina peke yake, jirani atamtambua mgonjwa kabla hajamaliza aya ya pili. Ukibadilisha kila kitu, kisa kinakosa damu. Kinachopaswa kubaki ni ule uamuzi: tukate leo au tungoje, tumwambie mke au mume kwanza, tuseme yote au nusu. Mtu aliyezungukwa na uamuzi huo anaweza kuvishwa kazi nyingine, mji mwingine, hata umri mwingine, na kisa kikabaki cha kweli. Hapo ndipo ninapomstahi zaidi, kwa sababu kazi ikifanyika vizuri haiachi kovu la kuonyesha watu.

Alizaliwa 1928 Bantva, Gujarat, mji ambao Waislamu wake wengi walihamia Karachi Uhindi ilipogawanywa 1947. Nairobi alifika 1961. Kwenye chama cha Rotary, ambako alipanda hadi kuwa mkurugenzi wa kimataifa, walimwita Kodwavwala. Kwa wasomaji alikuwa Dawood. Riwaya alikuwa ameanza kabla ya safu: No Strings Attached ilitoka 1978. Return to Paradise, ya mwaka 2000, inawafuata Waasia waliofukuzwa Uganda na Idi Amin 1972, na nikiisoma namsikia yule daktari akiuliza tena: kulianza lini, kunauma wapi.

Kenya imewahi kuwa na madaktari wengine walioandika vizuri. Margaret Ogola, daktari wa watoto, alitupa The River and the Source mwaka 1994, kitabu kinachobeba vizazi vinne. Pumzi ya Ogola ni ndefu. Ya Dawood ni ya safu moja ya gazeti, na ndani yake lazima mtu augue, atibiwe, aende nyumbani. Ningependa wanafunzi wa udaktari wapewe safu hizo mwaka ule wanapoingia wodini kwa mara ya kwanza, wazisome kwa sauti, wahesabu daktari anauliza maswali mangapi kabla ya kumlaza mgonjwa kitandani na kuanza kumpima.