Antigone migombani: tanzia ya Kigiriki inavyotuliza

Desemba, kama kawaida yetu Wachagga, tulirudi nyumbani. Kwetu ni Old Moshi, juu ya Kiboriloni, pale barabara inapoanza kupanda na migomba kuficha nyumba. Siku ya tatu baada ya Krismasi nyama ilikuwa imeisha, mbege imebaki, na watoto wa mjini wameanza kulalamika kwamba mtandao unakatakata. Mpwa wangu, yuko kidato cha sita, akatoa kwenye begi kitabu alichoazima: *Antigone* ya Sophocles, kwa Kiingereza. Akasema amekisoma mara mbili na bado haelewi kwa nini msichana mzima akubali kufa kwa ajili ya maiti.

Nikamwambia tusikisome kimya. Tugawane wahusika, tusome kwa sauti, na kwa kuwa wazee wapo, tukigeuze Kiswahili hapohapo.

Kusema kweli, mimi mwenyewe sikuwa na imani sana. Tanzia ya Kigiriki nilianza kuijua kwa *Mfalme Edipode*, tafsiri ya Samuel Mushi iliyotoka mwaka 1971. Mushi ndiye huyohuyo aliyetupa *Makbeth* na *Tufani* za Shakespeare kwa Kiswahili. Kazi kubwa, na tunamshukuru kidogo mno. Lakini niliisoma kitandani, kimya, kama hadithi ya upelelezi ambayo mwizi wake nimeshatajiwa. Nilivutiwa na ufundi. Sikuguswa. Nikabaki na wazo kwamba hizi ni kazi za kuheshimiwa, kama picha ya babu ukutani, si za kumliza mtu.

Basi tukaketi uani. Mpwa wangu akawa Antigone, dada yake akawa Ismene. Shemeji yangu, mhasibu, akapewa Creon kwa sababu ana sauti. Korasi haikutupa shida: ukoo wa Kilutheri haukosi kwaya. Tuliwapa wazee wenyewe, maana korasi ya *Antigone* ni wazee wa mji wa Thebes. Shangazi alikataa kusoma. Alikaa pembeni akimenya ndizi za mtori, akisikiliza.

Kwa asiyeijua hadithi, ni hivi. Ndugu wawili wamegombea ufalme na kuuana. Mjomba wao, Creon, anashika kiti na kutoa amri: mmoja azikwe kwa heshima, mwingine, Polynices, aliyekuja na jeshi la wageni, aachwe nje aliwe na mbwa na ndege. Atakayemzika atauawa. Antigone, dada yao, anatoka kwenda kumfunika kwa mavumbi. Anakamatwa, hakani, anafungiwa pangoni akiwa hai. Creon anageuza moyo, lakini amechelewa: msichana amejinyonga, na mchumba wake, Haemon, ambaye ni mtoto wa Creon, anajiua pale pale. Mama yake Haemon akisikia, naye anajiua. Creon anabaki peke yake.

Mwanzoni kulikuwa na vicheko. Creon alipotangaza amri yake, Shangazi aliuliza, "Kwani huyo hana wazee wa kumshauri?" Baba mdogo, ambaye ni korasi, akajibu, "Tupo, ila tunamwogopa." Ni jibu zuri kuliko mengi niliyosoma kwa wahakiki. Wazee wa Thebes ndivyo walivyo: wanajua, wananong'ona, wanakubali, na wanapata ujasiri wakati mambo yameshaharibika.

Sasa kuna sehemu ambayo nilikuwa nimemwambia mpwa wangu airuke. Antigone, akipelekwa kufa, anaeleza kwamba asingelifanya hili kwa mume wala kwa mtoto. Mume akifa, mwingine hupatikana. Mtoto akifa, mwingine huzaliwa. Lakini kwa kuwa baba na mama yake wako kaburini, ndugu mwingine hawezi kuzaliwa tena kamwe.

Wasomi wengi wameona haya juu ya maneno haya. Goethe, mwaka 1827, alimwambia Eckermann kwamba angetamani sana mtaalamu fulani athibitishe kuwa si ya Sophocles. Wengine wakataka yafutwe kabisa, ingawa Aristotle aliyataja zamani zile bila kuyatilia shaka. Sababu yao inaeleweka. Msichana aliyetetea sheria za miungu, saa ya kufa anaanza kupiga hesabu kama mwenye duka! Nami nilikuwa upande wao. Ndiyo maana nikasema iruke.

Mpwa wangu alisahau. Akasoma, polepole, kwa sababu alikuwa anatafuta maneno ya Kiswahili. Alipofika kwenye ndugu asiyeweza kuzaliwa tena, Shangazi aliweka kisu chini.

"Kweli kabisa," akasema. "Ndugu hazaliwi tena."

Kisha akalia. Si machozi ya kufuta kwa ncha ya kanga. Alilia kwa sauti, nasi tukakaa kimya na vitabu vyetu.

Wakubwa tulielewa, watoto ilibidi waelezwe baadaye. Shangazi alikuwa na kaka mmoja anayemfuata kwa kuzaliwa. Alikwenda vita ya Kagera na hakurudi. Amelala Kaboya, kule Muleba, pamoja na askari wenzake. Hakuna aliyemkosea heshima, kaburi lipo na taifa linamkumbuka. Lakini kihambani kwetu, ambako baba yake na mama yake wamelazwa, yeye hayupo. Kwa Mchagga hilo si jambo dogo. Wazee wetu wa zamani hawakuishia hata kwenye kuzika: baada ya muda walilifukua fuvu na kuliweka migombani, chini ya masale, ili mtu aendelee kukaa na watu wake. Tangu nizaliwe sijawahi kumsikia Shangazi akimzungumzia kaka yake kwa zaidi ya sentensi mbili.

Hapo ndipo nilipoona kosa langu, na la Goethe pia kama nitaruhusiwa. Kwenye karatasi, maneno yale ni hoja, na kama hoja ni dhaifu. Kwenye mdomo wa mtu anayesubiri kufa si hoja. Ni aliyefiwa anayeulizwa "kwa nini?" na kila sababu aliyokuwa nayo imemwishia, anashika ile ya mwisho iliyobaki mkononi. Aliyefiwa huhesabu. Nenda kwenye matanga yoyote Kilimanjaro utasikia: tulizaliwa saba, tumebaki wanne. Macho yanaposoma kimya hutafuta mantiki. Sikio linapomsikia mtu akipumua kati ya neno na neno linatambua kilio.

Lakini bado kuna swali. Kwa nini Shangazi alimlilia kaka yake kupitia kwa Polynices, ambaye hamjui, wa nchi asiyoijua, wakati kila mwaka siku ya Mashujaa redio inamtajia Kaboya naye hulia kimya au halii kabisa?

Wagiriki wenyewe walikuwa na kisa kinachojibu. Mwaka 494 KK Waajemi waliteka mji wa Mileto, uliokuwa na udugu wa karibu na Athens. Mtunzi Phrynichus akaandika mchezo juu ya kutekwa huko. Herodotus anasema ukumbi mzima uliangua kilio, na Waathene wakamtoza mtunzi faini ya drakma 1,000 kwa kuwakumbusha misiba yao wenyewe, wakakataza mchezo huo usiigizwe tena. Tanzia karibu zote zilizotufikia ni za wafalme wa hadithi za kale, wa Thebes, wa Argos, wa Troya. *Waajemi* ya Aeschylus ni ya mambo ya karibuni, lakini hata yeye aliweka kilio kwa adui.

Naona Waathene walikuwa wamegundua jambo. Msiba wako ukiwekwa jukwaani kwa jina lake, unajikinga. Unaangalia kama wamekosea tarehe, unaona aibu mbele ya jirani. Ukiwekwa msiba wa mwingine, unasogea bila kujilinda, na ghafla ni wako. Ebrahim Hussein alilijua hili alipoandika *Kinjeketile*, iliyotoka mwaka 1969, akatahadharisha kwamba Kinjeketile wake ni wa ubunifu, si yule wa historia moja kwa moja.

Kuna simulizi la mwigizaji Polus, lililohifadhiwa na Mrumi Aulus Gellius. Polus alipaswa kuigiza *Electra* ya Sophocles, pale Electra anapokumbatia chombo cha majivu akidhani ni ya kaka yake. Watazamaji wanajua si kweli: kaka yuko hai, amesimama mbele yake. Polus alikuwa amefiwa na mtoto. Akaenda kaburini, akachukua chombo chenye mabaki ya mwanawe, akaingia nacho jukwaani. Kilio kilichosikika kilikuwa cha kweli, ndani ya vazi la mwingine. Shangazi hakupanda jukwaani, lakini alifanya hivyohivyo.

Tulipomaliza, Baba mdogo ndiye aliyelitaja jina ambalo sote tulikuwa nalo kichwani. "Huyu Polynices," akasema, "ni kama Mangi Meli."

Mti alionyongewa Mangi Meli uko hapahapa Old Moshi, pale Tsuduni. Mwaka 1892 alilishinda jeshi la Wajerumani. Mwaka uliofuata wakarudi na nguvu kubwa wakamshinda. Tarehe 2 Machi 1900 wakamnyonga yeye na viongozi wenzake. Simulizi la hapa linasema kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Ujerumani. Mjukuu wake, Mzee Isaria Meli, alikidai kwa zaidi ya miaka 50. Septemba 2023 taasisi ya makumbusho ya Berlin ilitangaza kwamba vipimo vya vinasaba vimeyaunganisha mafuvu matatu na jamaa walio hai Tanzania. Moja ni la Akida, mshauri wa Meli. La Meli mwenyewe halikupatikana.

Hapa nataka tuwe waangalifu. Ni rahisi kusema "unaona, Sophocles ni wa dunia nzima" tukaenda kula. Hapana. Antigone ana mwili wa kuufunika, mavumbi yanatosha. Old Moshi kuna mavumbi na hakuna mwili. Antigone alimaliza yote kwa muda mfupi, akafa kijana. Huku watu wamezeeka wakiandika barua. Tanzia haikuyasema hayo, sisi ndio tuliyoyaleta uani. Nguvu yake ni kwamba inaacha nafasi ya kuyaleta.

Na nafasi hiyo Waafrika wengine wameshaitumia. Athol Fugard, John Kani na Winston Ntshona waliiweka *Antigone* gerezani katika *The Island*, mwaka 1973. Femi Osofisan aliipeleka Nigeria ya wakoloni katika *Tegonni*. Sisi, wenye mti ule na lugha inayosikika nchi nzima, tunangoja nini? Sidai vitabu zaidi vya kukaa kabatini. Nadai sauti: darasani, kanisani, uani.

Jambo la mwisho. Tulipokuwa tunakusanya vikombe Shangazi aliuliza, "Na yule mdogo je? Ismene. Alikuwa wapi mwisho?"

Nikarudi kitabuni. Creon anaamua kumwachia hai, na baada ya hapo Sophocles hamtaji tena. Hata Antigone anakwenda kufa akijiita wa mwisho aliyebaki, kana kwamba hana dada. Nimesoma tamthilia hii mara nyingi na sikuwahi kuuliza.

"Basi ndiye mwenye kazi," Shangazi akasema, akachukua kisu akaendelea na ndizi zake.