Mafundi wa Emain Macha

Wachonga miti wa Emain Macha, kilima cha kifalme karibu na Armagh, Ireland ya Kaskazini, wanastahili kuvuliwa kofia. Bila mashine za kisasa, walisimamisha nguzo za mwaloni zaidi ya 200, duara ndani ya duara, katika jengo lenye kipenyo cha mita 40 hivi. Nguzo ya katikati ilikatwa mwaka 95 au 94 KK. Mti wenyewe umetunza tarehe hiyo katika pete zake.

Kisha wakalijaza mawe ya chokaa, wakalitia moto, wakalifunika kwa udongo. Makusudi kabisa!

Nyumba za msonge zilizotangulia hapo huenda zilikuwa za kukaliwa. Humo wachimbuaji walikuta fuvu la kima wa Afrika Kaskazini, mgeni aliyevushwa bahari.