Mcheza Kwao Hutuzwa: Ngoma, Rangi na Watoto wa Likizo

Shule zifungwapo, watoto wa miji ya pwani na visiwa vyake hubakiwa na siku ndefu zisizo na kengele. Baadhi yao huandikishwa katika mipango ya likizo ambamo hufundishwa kucheza ngoma na kuchora. Kwa kawaida asubuhi huwa ya ngoma, baada ya mapumziko huja rangi na karatasi, na siku ya mwisho wazazi na wageni hualikwa kutazama. Jambo hili ni la kheri, na mwenye kulibeza hajui shida ya mtoto ambaye mwaka mzima amekaa mbele ya ubao akiungoja mtihani. Lakini kheri nayo hupimwa, na kipimo kifaacho hapa ni sanaa yenyewe. Nia njema ya waanzilishi haitoshi.

La kwanza ni la kusifu. Ngoma humfundisha mtoto kusikiliza kabla ya kutenda. Achezaye kirumbizi, fimbo mkononi, akikosea pigo humuumiza mwenzake. Hivyo hujifunza kumtazama mwenzake machoni na kuuchunga mkono wake. Achezaye msewe hubeba ala yake miguuni, na kosa lake husikika na wote. Haya ni mafunzo ya adabu ambayo hayapatikani kwa kukaririshwa kitabu. Na msichana aliyezoea kuambiwa akae kimya hupata mahali ambapo sauti ya hatua zake inahitajiwa, kwani bila yeye mstari hautimii.

Ila mipango hii ina aibu moja kubwa, nayo ni kutenga. Ngoma hufundishwa chumba hiki na mwalimu huyu, picha chumba kile na mwalimu yule, na neno halifundishwi popote. Mtoto huonyeshwa hatua za ngoma bila kuambiwa wimbo wake unasema nini, nani aliutunga, na kwa sababu gani unaimbwa kwa kujibizana. Hapo ngoma hugeuka kuwa mazoezi ya viungo yenye mdundo. Wapenzi wa ushairi ndio wapaswao kuwa wa kwanza kulalamika, kwa sababu katika pwani hii ushairi ulikuwa na miguu kabla ya kuwa na karatasi. Mashairi yanayonasibishwa na Fumo Liyongo yamo yaliyochezewa gungu. Na katika kisa chake, mfungwa huyo aliokolewa na ngoma. Mama yake alimpelekea tupa ndani ya mkate wa wishwa, kwa mkono wa kijakazi Saada. Naye Liyongo akawafundisha watu nyimbo, na walipopiga na kuitikia nje ya gereza, kelele zao zikaifunika sauti ya tupa ikikata minyororo. Wimbo, mdundo na kazi ya mkono vilikuwa kitu kimoja; kimoja kingekosekana, Liyongo angeuawa.

Aliyekitia kisa hicho katika utendi, mwaka 1913, ni Muhamadi Kijumwa wa Lamu, na maisha yake ni hoja tosha dhidi ya vyumba vilivyotengana. Kijumwa alikuwa mshairi, mwandishi wa hati nzuri za Kiarabu, mchonga milango na mtu wa muziki na ngoma. Mkono ulioshika kalamu ndio ulioshika patasi. Hakuna aliyemwambia kwamba nakshi ni somo la saa nne na utungo ni somo la saa tano. Mpango wa likizo unaotaka kumkuza mtoto wa visiwani hauna haja ya kutafuta kielelezo mbali.

Ama kuhusu sanaa ya picha, aibu ni ya namna nyingine. Mtoto hupewa brashi na kuelekezwa achore twiga na simba kwa mtindo wa Tingatinga, kisha huambiwa kwamba hiyo ndiyo sanaa ya kwao. Edward Saidi Tingatinga anastahiki heshima yote. Alizaliwa kusini mwa Tanzania, na mwishoni mwa miaka ya 1960 alianza kuchora Dar es Salaam kwa rangi za mafuta juu ya mbao laini za mraba. Alifariki mwaka 1972, akiwa amechora kwa miaka michache tu. Ukuu wake ni kwamba alibuni. Basi kumfanya mtoto amnakili ni kumfundisha kinyume cha alichokifanya Tingatinga mwenyewe. Na huku mtoto akimpaka twiga madoa, mamaye nyumbani amejitanda kanga yenye pindo, mji na jina: picha yenye mpaka, kiini na usemi wake. Nyanya yake anajua kuchana miyaa, kuitia rangi na kuisuka ukili, lakini hakuna aliyemwita aje kufundisha.

Hapa ndipo penye siri ambayo mipango hii haijaigundua. Msusi wa ukili huhesabu chane. Akipitisha moja isivyopaswa, ua la mkeka huharibika. Mtunzi wa utenzi huhesabu mizani nane katika kila kipande, na vipande vinne katika ubeti. Mcheza ngoma huhesabu hatua kwa pigo. Hesabu ni moja, iwe katika vidole, ulimi au miguu. Mtoto atakayesuka ukili asubuhi, akatunga ubeti adhuhuri na kuucheza jioni, atakuwa amejifunza jambo moja kwa njia tatu, na hatalisahau shule ikifunguliwa.

Ugenini nako kuna la kujifunza. Filamu ya Rhythm Is It! ya mwaka 2004 inaonyesha jinsi Mwingereza Royston Maldoom alivyowafundisha watoto na vijana wapatao 250 wa Berlin kuucheza muziki wa Stravinsky pamoja na okestra kubwa ya mji huo, ikiongozwa na Simon Rattle. Maldoom hakuwabembeleza. Aliwataka wanyamaze, wasimame sawasawa na wajiheshimu, akawapa muziki mgumu badala ya wimbo rahisi wa kuwafurahisha. Huo ni ustahi ambao watoto wa pwani wananyimwa kila wanapopewa kilicho chepesi kwa kuwa ni watoto. Hata hivyo, kwa watoto wa Berlin kazi ilikuja ikiwa imekwisha tungwa: muziki wa mwaka 1913 na hatua za mwalimu. Walipewa ujasiri, hawakupewa utungo. Mpango wa pwani unaweza kutoa vyote viwili.

Lawama ya mwisho ni ya siku ya maonyesho. Mahali ambapo watalii ni wengi, kishawishi ni kuwavisha watoto sare, kuwapanga mstari na kuifupisha ngoma ili mgeni asichoke. Mzazi anayesita kumpeleka bintiye huenda hachukii ngoma. Huenda anachukia kuona mtoto wake akifanywa kitu cha kutazamwa, na hofu hiyo ina msingi. Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa, na neno lenye uzito hapo ni kwao. Tuzo hutoka kwa wanaoujua wimbo, wanaoweza kuitikia, na wanaoweza pia kusema kwamba hapa umekosea.

Kwa hiyo haifai kuifunga mipango hii, wala kuiacha ilivyo. Waitwe mafundi wa mji, wanawake kwa wanaume, nao walipwe kama walimu wengine. Kila ngoma ifundishwe pamoja na maneno yake na maana yake, na kila mtoto atunge japo ubeti mmoja kabla likizo haijaisha. Na siku ya mwisho viti vya mbele wakalie wazee wajuao ngoma hizo, wageni wakae nyuma yao.