Mama Yake Musa Mbele ya Wafadhili: Tafakari juu ya Jumba la Makumbusho la Foundling, London

Mwaka 1746 mchoraji William Hogarth aliitolea Foundling Hospital, nyumba ya kulelea watoto walioachwa mjini London, picha ya Musa akiletwa kwa binti Farao. Siku hizi picha hiyo imo katika jumba la makumbusho lililofunguliwa mwaka 2004, ndani ya chumba kilichohifadhiwa ambamo wakuu wa nyumba hiyo walifanyia vikao vyao.

Binti Farao amenyosha mkono kwa upole. Lakini Musa angali ameshika vazi la mama yake, naye mama, anayedhaniwa kuwa yaya tu, apokea ujira wake. Yafaa kukumbuka kwamba watoto wa nyumba hiyo nao walipelekwa kwanza kwa walezi wa vijijini waliolipwa, kisha wakarudishwa London wakiwa na umri wa miaka kama mitano. Hogarth, aliyekuwa mmoja wa wakuu hao, aliwawekea wenzake mbele ya macho uchungu ambao wema wao wenyewe uliusababisha.

Hatusemi hivyo kwa kuubeza wema huo. Nahodha Thomas Coram alihangaika miaka 17 kabla ya kupata hati ya Mfalme George II mwaka 1739. Watoto wa kwanza walipokelewa Machi 1741. Hata hivyo, kila mtoto alibatizwa kwa jina jipya, na jina alilopewa na mamaye likaachwa. Kilichobaki ni alama iliyokunjwa ndani ya hati yake: kipande cha kitambaa, sarafu iliyochorwa, au kitu kingine kidogo, ili mama akirudi aweze kumtambulisha mwanawe. Waliorudi wakawapata walikuwa wachache mno.

Katika miaka ya 1860 alama nyingi zilitolewa katika hati ili watu wazitazame. Hivyo kitu kilichowekwa kimfungamanishe mtoto na mamaye kikatengwa na jina la mtoto, kikawa cha kuwaliza wageni. Watafiti wa siku zetu wamefaulu kuzirudisha baadhi kwenye hati zake, na kwa maoni yangu kazi hiyo yapita maonyesho yote kwa thamani.

Kutoka 2 haimtaji mama wa Musa kwa jina. Lakini Kutoka 6:20 yamtaja: Yokebedi. Maandiko hayakuridhika kumwacha awe yaya wa kulipwa. Basi sisi tulio watunza vitabu vya ubatizo, tunapoletewa mtoto wa kituo cha yatima, hapana budi tujiulize: je, jina la mama limeulizwa na kuandikwa, au tumeridhika na jina la mfadhili? Huruma isiyotunza jina huokoa mwili wa mtoto, ikamwacha bila nyumba ya kurudia.