Mapigo 171, sauti ileile: The Weeknd alivyoijenga upya miaka ya 80

Tarehe 29 Novemba 2019 The Weeknd alitoa “Blinding Lights”. Waliomzoea kwa nyimbo za usiku wa manane, zinazojikokota polepole na kunong’ona habari za dawa na majuto, walikutana na kinanda kinachometameta na ngoma inayotimua mbio. Neno lililoenea ni kwamba jamaa kageuka. Ukiufungua wimbo kipande kwa kipande utaona kwamba kilichobadilishwa ni sakafu anayosimama juu yake. Mwimbaji mwenyewe hakusogea hata hatua.

Kwanza tukumbushane ukubwa wa jambo lenyewe. Wimbo huu ulikaa wiki 4 kileleni mwa Billboard Hot 100 na wiki 90 kwa jumla ndani ya chati hiyo. Novemba 2021 Billboard iliutangaza kuwa namba moja katika historia yote ya chati hiyo, ukiipiku “The Twist” ya Chubby Checker. Mwanzoni mwa 2024 ukawa wa kwanza kufikisha mara bilioni 4 za kusikilizwa Spotify. Hamu ya mambo ya zamani haitoshi kueleza takwimu kama hizo, maana wengi wa wasikilizaji hao hawakuwapo miaka ya 80. Hata The Weeknd mwenyewe, jina halisi Abel Tesfaye, hakuwapo: alizaliwa Toronto Februari 1990, mtoto wa wazazi wa Kiethiopia. Hana kumbukumbu hata moja ya miaka ya 80. Alichonacho ni ufundi, na ufundi unachambulika.

Kutoka kuazima hadi kujenga

Safari haikuanza 2019. Katika “House of Balloons” ya 2011, kazi aliyoigawa bure mtandaoni, wimbo unaobeba jina la mkusanyiko umesimama juu ya sampuli ya “Happy House” ya Siouxsie and the Banshees, ya mwaka 1980. Desemba ya mwaka huohuo akaurudia “Dirty Diana” wa Michael Jackson, akaufupisha jina kuwa “D.D.” Mwaka 2015, kwenye “Can’t Feel My Face”, alikaa na prodyuza Max Martin na kuonja dansi ya moja kwa moja. Mwaka uliofuata, ndani ya “Starboy”, wimbo “Secrets” ulichota kutoka kwa bendi za miaka ya 80, Tears for Fears na The Romantics, kwa mpigo mmoja.

Kwa hiyo zama hizo zilikuwa nyumbani kwake miaka minane kabla ya “Blinding Lights”, ila zilikaa kama mgeni. Sampuli ina faida yake: inakuja na harufu ya rekodi ya zamani, na msikilizaji anaitambua papo hapo. Kasoro yake ni kwamba inakupangia kazi. Kasi, kodi (noti zinazopigwa pamoja) na hisia vimeshaamuliwa na mtu mwingine, wewe unatafuta pa kupenyeza sauti. “Blinding Lights” haina sampuli. Tesfaye, Max Martin, Oscar Holter, Ahmad Balshe na Jason Quenneville waliandika kitu kipya kwa kanuni za zamani, na hapo ndipo uhuru ulipopatikana wa kuamua zama hizo zitoe nini na zinyimwe nini.

Ngoma inakimbia, sauti inatembea

Uamuzi mkubwa kuliko yote ni kasi. Wimbo unakwenda kwa mapigo 171 kwa dakika, karibu sawa na “Take On Me” ya bendi ya a-ha iliyotamba 1985. Hiyo ni kasi ya kukimbia, na mwimbaji wa R&B akiifuata neno kwa neno atasikika kama anayekariri kwa haraka. Sasa jaribu hivi: usikilize ubeti wa kwanza huku ukipiga mguu kwa kufuata kiki na snea, ngoma mbili zinazobeba mdundo. Mguu utachoka upesi. Kisha upige mguu nusu ya hapo, ukifuata maneno tu. Utajikuta kwenye mapigo 85 na nusu, kasi ya kawaida kabisa ya nyimbo zake za zamani.

Sauti yake imekaa ndani ya mwendo huo wa nusu. Anavuta vokali, anachelewa kidogo kumaliza mstari, anaacha nafasi kati ya sentensi, yote kama alivyokuwa akifanya mwaka 2011. Ni kama abiria ndani ya basi la usiku: basi linapasua barabara, yeye ameegemea dirisha. Mchezaji dansi anafuata ngoma, mwenye majonzi anafuata sauti, na wote wawili wamehudumiwa na wimbo mmoja.

Hapo pia ndipo anapoachana na a-ha. Kiitikio cha “Take On Me” kinapanda ngazi hadi mwimbaji wao Morten Harket anafika kwenye sauti ya juu kabisa, na utamu wa wimbo ni kusubiri kama atafika. Kiitikio cha Tesfaye hakitafuti kilele cha aina hiyo. Kilele kimekabidhiwa kinanda.

Kodi nne zisizofika nyumbani

Chini ya sauti kuna kodi nne tu, kuanzia ubeti hadi kiitikio: F maina, C maina, E-flati meja, B-flati meja. Mbili za huzuni, mbili za mwanga, kisha mzunguko unaanza tena, kila baada ya sekunde kama 11.

Angalia kodi ya pili. Katika wimbo wa F maina, kawaida ya muziki wa Kimagharibi ni kutumia C meja, kwa sababu ndani yake kuna noti ya E, inayolivuta sikio lirudi F na kutulia. Hapa wameweka C maina, yenye E-flati, na kamba ya kuvutia imekatwa. Kodi ya nne nayo ina mtego wake. B-flati meja inaleta noti ya D, ambayo haimo katika skeli ya kawaida ya F maina, na noti hiyo moja ndiyo inayoupa wimbo ule mng’ao ambao msikilizaji anausikia bila kujua umetoka wapi. Kila mzunguko unamalizika kwenye mwanga, kisha unadondokea kwenye huzuni bila kutua.

Hilo linaendana na kisa chenyewe. Tesfaye amewahi kueleza kwamba wimbo unahusu mtu aliyelewa, anaendesha gari usiku kumfuata anayemtaka, huku taa za barabarani zikimpofusha. Safari ya namna hiyo isingefaa kuwekewa kodi zinazomfikisha. Anayeucheza kwenye sherehe anasikia furaha. Anayeusikiliza vizuri anasikia mtu anayezunguka tu.

Vyombo: vya kale na visivyo vya kale

Kuna aina ya mlio wa ngoma unaomfanya mtu aseme “hii ni ya themanini” kabla hata ya kusikia melodi. Chanzo chake kinajulikana. Mwaka 1979, katika studio ya Townhouse jijini London, Phil Collins alikuwa akipiga drams kwa ajili ya albamu ya tatu ya Peter Gabriel, huku fundi mitambo akiwa Hugh Padgham. Meza ya kurekodia ilikuwa na maikrofoni ya kumsikia mwanamuziki akiongea kutoka chumbani, iliyofungwa kifaa cha kubana sauti kwa nguvu sana. Collins akapiga wakati maikrofoni hiyo iko wazi, na drams zikatoka kubwa kupita kiasi. Wakaongeza kifaa cha kukata mwangwi ghafla. Matokeo yake ni pigo linalosikika kama limepigwa ukumbini, kisha ukumbi wenyewe unatoweka kabla mwangwi haujaisha. Mwaka 1981 dunia nzima ililisikia pigo hilo kwenye “In the Air Tonight” ya Collins mwenyewe.

Mwangwi wa kukatwa una kazi ya kiufundi pia. Katika mapigo 171 mwangwi mrefu ungejaza kila nafasi na kugeuza wimbo kuwa ukungu. Snea ya “Blinding Lights” ni nene lakini fupi: unapata ukubwa, na nafasi inabaki kwa ajili ya maneno. Juu yake kuna melodi ya kinanda yenye sauti ya jamii ya sinthesaiza kama Roland Juno-60 ya mwaka 1982, pana na yenye joto, tofauti na mlio wa kengele za kioo uliokuja na Yamaha DX7 mwaka 1983.

Kisicho cha kale kimo chini. Rekodi nyingi za pop za enzi zile zikipigwa leo klabuni baada ya wimbo mpya husikika nyembamba, kwa kuwa hazina uzito wa besi tuliouzoea. “Blinding Lights” inao uzito huo. Kiki na besi zimetengenezwa kwa ajili ya spika za sasa, na Serban Ghenea aliyechanganya sauti ameviacha vitu vya juu ving’ae bila kukwaruza. Ndiyo maana DJ anaweza kuuweka katikati ya nyimbo za mwaka huu na sakafu isipoe.

Melodi ile ya kinanda inafanya kazi nyingine iliyousaidia sana wimbo: haina neno hata moja. Mtu wa Kisangani na mtu wa Seoul wanaifuata sawasawa. Mwaka 2020, watu walipofungiwa ndani kwa sababu ya korona, mtindo wa kucheza uliozagaa TikTok ulipangwa juu ya kipande hicho cha kinanda.

Mafundi na kipimo

Max Martin anajulikana kama bingwa wa pop ya Kiswidi. Anayesahaulika ni Oscar Holter, Mswidi mwenzake, aliyewahi kuwa katika Necro Facility, bendi ya muziki wa elektroniki mzito na wenye giza. Ukijua hilo, ubaridi ulioko chini ya mng’ao wa wimbo huu haukushangazi tena. Fundi wa namna hiyo amekaa na sinthesaiza kama chombo chake cha kila siku, haivai kama vazi la sherehe.

La mwisho ni kipimo. “After Hours”, albamu yenye wimbo huu, ilitoka Machi 20, 2020 ikiwa na nyimbo 14, na nyingi kati yake bado ni The Weeknd yule wa polepole. Nyimbo za dansi ya themanini zimefuatanishwa baada ya nusu ya albamu: “Blinding Lights”, kisha “In Your Eyes” yenye saksafoni, kisha “Save Your Tears”. Aliyekuja kumtafuta mwimbaji wa zamani alimpata kwanza. Miaka miwili baadaye albamu yake “Dawn FM” ilijengwa nzima kwa mtindo huo, ikipangwa kama kituo cha redio chenye sauti ya mwigizaji Jim Carrey kama mtangazaji. Ni kazi nzuri, pengine imeshikana kuliko iliyotangulia, lakini haikuzaa “Blinding Lights” ya pili. Zama zilipotawala kila kona, ule mvutano kati ya ngoma na mwimbaji ulipungua.

Prodyuza anayetaka kurudi zamani ana mengi ya kunakili hapa, na rahisi kuliko yote ni kinanda, kwa kuwa milio ile sasa inapatikana kwenye programu za kompyuta kwa kubofya tu. Kazi ngumu ni kujua mwimbaji wako anatembea kwa mwendo gani, kisha kumtafutia ngoma itakayokimbia bila kumlazimisha akimbie nayo.