Majengo ya Rabai na Watu Wasiotajwa

Huko Rabai, katika vilima vilivyo nyuma ya Mombasa, yamo majengo machache ambayo wanafunzi wengi wa Kenya wamepata kuyasikia. Pana kanisa la Mtakatifu Paulo, lililojengwa katika miaka ya 1880. Pana nyumba zinazoitwa kwa majina ya wamisionari Krapf na Rebmann. Tena pana makumbusho yaliyopewa jina la Krapf. Tutayatazama majengo hayo kama tutazamavyo kitabu: tutasifu panapostahili sifa, na tutauliza mwandishi ameacha nini.

Hadithi inayosimuliwa hapo yajulikana. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na katika mwaka huo huo akafiwa na mkewe na mtoto wake mchanga. Mwaka 1846 alifika Johannes Rebmann, na kwa ruhusa ya wazee wa Rabai wakaanzisha kituo chao. Mwaka 1848 Rebmann aliuona Kilimanjaro, na mwaka 1849 Krapf akauona Mlima Kenya. Hayo ni kweli, wala hatuna haja ya kuwanyang'anya sifa yao. Lakini hadithi hiyo ina upungufu mkubwa: yatueleza habari za walioufungua mlango, na yawasahau walioingia.

Walioingia ni nani? Wa kwanza alikuwa Mringe, mtu kiwete, aliyebatizwa mwaka 1851 akiwa karibu na kufa. Kuanzia mwaka 1864 walikuja Waafrika waliokombolewa utumwani na kulelewa Nasik, katika Bara Hindi. Mmoja wao, William Jones, alikuja kuwa kiongozi wa Rabai. Kisha wakaja watoro: watumwa waliokimbia mabwana zao katika miji na mashamba ya pwani, ambayo ya Malindi yalikuwa makubwa kabisa. Watoro wengine hawakutafuta misheni. Walijijengea kijiji chao wenyewe, Fuladoyo, katika bara ya Takaungu.

Wahenga walisema kwamba mkono mtupu haulambwi. Mtoro alikuja na mkono mtupu, bila ng'ombe wala shamba, na mbali na ndugu zake. Kwa hiyo Rabai ilikuwa nyumba ya maskini hasa, ingawa haikuitwa hivyo. Wala tusidhani kwamba maskini akipewa hifadhi amekwisha pata raha. Huko Frere Town, kituo kingine cha misheni hiyo hiyo, kilichoanzishwa mwaka 1875 karibu na Mombasa, maisha yalikuwa chini ya amri ya kengele na kazi. Na mwanzoni mwa miaka ya 1880 wakuu wake walilaumiwa kwa kuwachapa watu viboko. Hifadhi na utii vilitolewa katika kapu moja.

Mwaka 1888 mabwana walidai watu wao. Shauri likaisha tarehe 1 Januari, 1889, hapo hapo Rabai, George Mackenzie wa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki alipotoa hati za uhuru kwa watoro zaidi ya 1,400. Ilikuwa siku ya furaha kubwa. Lakini mwanafunzi mwangalifu hana budi kuuliza: fidia ililipwa kwa nani? Ililipwa kwa mabwana. Aliyelima miaka kumi bila ujira alipewa karatasi. Aliyemlimisha alipewa fedha. Na utumwa wenyewe haukufutwa na sheria katika pwani ya Kenya mpaka mwaka 1907.

Hapa ndipo tunapofikia hukumu yetu. Majengo ya Rabai yanastahili kutunzwa, lakini tukiyatunza kwa ajili ya majina mawili ya wageni tu, tutakuwa tumetunza kuta na kupoteza nyumba. Zaidi ya watu 1,400 walipewa hati, na kila mmoja wao alikuwa na jina. Tena ardhi hiyo haikuwa pori tupu: makaya ya Warabai yalikuwapo kabla ya kanisa, na mwaka 2008 yalitiwa pamoja na makaya mengine ya Wamijikenda katika orodha ya urithi wa dunia.

Mtu atasema kwamba habari za watoro ni za aibu, na kwamba wazao wao hawatapenda zikumbushwe. Hoja hiyo ni ya heshima, lakini imeiweka aibu mahali pasipo pake. Hakuna aibu katika kukimbia minyororo; aibu ni ya aliyeifunga. Basi mtakapopelekwa Rabai, tazameni kuta na mkasifu waliozijenga. Kisha mwulizeni mwenye kuwaongoza ni nani waliolala humo usiku wa kwanza wa uhuru wao, na majina yao yaliandikwa wapi.